Chuma Kilichoazimwa

Katika nyumba nyingi za kwetu, ukipita nyuma ya jiko au ukichungulia chini ya ghala, utakuta chuma cha shoka kisicho na mpini. Mpini ulivunjika mwaka fulani, mtu akasema atachonga mwingine, msimu ukapita, kisha mwingine. Chuma kikaliwa kutu. Hakuna aliyekitupa na hakuna aliyekitengeneza. Ukiuliza, kila mtu wa nyumba ile atakuambia, "Hilo ni shoka letu," ingawa halijapasua ukuni kwa miaka.

Katika sharika zetu wamo watu wa namna hiyo. Walianguka, wakatubu, wakarudishwa kundini. Walisimama mbele ya madhabahu, wakaombewa, nasi tukawapa mkono na kuimba. Tangu siku ile wanakaa benchi la nyuma. Jina lao halitajwi kazi zinapogawanywa, na jumuiya hupita karibu na nyumba yao bila kuingia. Ni watu wetu, hatukuwatupa, lakini hatukuwatengeneza pia. Basi swali letu ni hili: mtu aliyeanguka akatubu, kanisa linadaiwa nini kwake? Je, msamaha ukishatangazwa kazi imekwisha? Na kumrudisha mtu, je, ni lazima kumrudisha pale pale alipokuwa?

Tunapenda kulijibu swali hili tukiwa tumekaa karibu na fundi anayetia mashoka mipini, kwa sababu kazi yake inajua mambo ambayo vikao vyetu mara nyingi huyasahau.

Wazee wetu hawakufanya mzaha na chuma. Kule Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, wahunzi walijenga matanuru ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu, yaliyoitwa malungu. Milima ya Upare ilitoa chuma ambacho Wachaga walikitafuta kwa biashara. Ili kupata chuma cha jembe moja ilibidi kuchimba mawe yenye madini, kukata miti, kuchoma makaa, kujaza tanuru, kuyeyusha, kisha kufua kwa nyundo. Ndiyo maana katika makabila mengi jembe la chuma lilihesabiwa kwenye mahari. Baadaye chuma cha viwandani kilikuja kwa bei rahisi na matanuru yakazimika, na leo wahunzi wetu wengi hufua mashoka kwa springi za magari mabovu. Hata hivyo desturi ya kutokutupa chuma ilibaki. Mpini ukivunjika hakuna anayesema shoka limekufa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Watu wa Biblia nao waliijua thamani hiyo. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, wanafunzi wa manabii wanashuka Yordani kukata miti ili wajenge makao, kwa kuwa mahali pao pamekuwa padogo. Mmoja wao anapokata, chuma cha shoka kinachomoka na kutumbukia majini. Anapiga kelele, na kilio chake si kwamba amepata hasara. Analia kwa sababu chuma kile kilikuwa cha kuazima.

Hapo ndipo tunapaswa kuanzia. Mshirika aliyeanguka si mali yetu hata tuamue kama anafaa kutunzwa au kuachwa majini. Tuliazimwa. Alibatizwa kwa jina lisilo letu, na mwenye jina hilo atatuuliza habari zake. Mtu hutupa kilicho chake akipenda, lakini cha kuazima hukirudisha, na kikiharibika mikononi mwake hukitengeneza kwanza. Mara nyingi tumezungumza juu ya waliorudi kundini kana kwamba tunawafanyia hisani. Kilio cha yule mwanafunzi kinatuambia ni deni.

Tuangalie pia Elisha alivyofanya. Hakusema tununue kingine. Aliuliza kilianguka wapi, na yule mtu akamwonyesha mahali. Elisha akakata kijiti, akakitupa pale pale, chuma kikaelea. Kisha akamwambia akiokote, naye akanyosha mkono mwenyewe akakitwaa. Hakuna kupona bila kuonyesha mahali pa kuanguka. Sisi hupenda toba ya maneno ya jumla, "nimemkosea Mungu na usharika," kwa kuwa haimwaibishi mtu wala haituhangaishi sisi. Lakini kijiti hutupwa mahali panapojulikana. Aliyechukua fedha aseme ni kiasi gani na za mfuko upi. Aliyesema uongo juu ya jirani aseme ni uongo gani na aliwaambia nani.

Habari ile inaishia hapo, mtu ameshika chuma mkononi. Hatuambiwi nani alilitia shoka lile mpini upya. Mungu alikitoa chuma majini, jambo ambalo hakuna mkono wa mtu ungeliweza. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kawaida ya kuchonga na kukaza, nayo aliwaachia watu. Tunaamini hata leo mambo yako hivyo. Neema humwinua mtu kutoka kilindini kwa neno moja. Kumtia mpini ni kazi ya usharika, nayo huchukua muda.

Mtume Paulo alipowaagiza Wagalatia, katika sura ya 6, wamrejeshe kwa upole mtu aliyeghafilika katika kosa, alitumia neno la Kiyunani ambalo Injili ya Marko inalitumia kwa wana wa Zebedayo walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu zao. Ni neno la watu wa kazi za mikono, watu wanaokaa chini na kitu kilichochanika na kukishughulikia uzi kwa uzi.

Sasa tumtazame fundi wetu. Kazi yake ya kwanza ni kutoa kisiki cha mpini wa zamani kilichoganda ndani ya tundu la chuma. Mwenye haraka hulitupa shoka motoni ili kisiki kiungue. Kweli huungua, lakini moto huo huo huondoa ugumu ambao mhunzi aliutia kwenye makali. Shoka hutoka motoni likiwa na sura yake ile ile, ila makali yamelegea na hayatakaa tena. Fundi mwenye busara hukigonga kisiki taratibu kwa chuma chembamba, au hukitoboa matundu mpaka kilegee. Wako watu ambao tuliwatoa kosa lao kwa moto: tuliwasema hadharani, tukawataja kwa majina kwenye mahubiri, tukawaimbia mafumbo katika sherehe. Kosa liliondoka, na moyo wa kufanya kazi ukaondoka nalo.

Kazi ya pili ni kutu. Fundi hukwangua kwa brashi ya waya, au hukiloweka chuma katika siki. Kutu ikiisha huonekana vishimo vidogo pale ilipokuwa imekula. Asiyejua hutaka kuvisaga vyote ili shoka ling'ae kama jipya, mwishowe hubakiwa na chuma chembamba kisicho na uzito wa kupasua gogo. Fundi huviacha. Vishimo havizuii shoka kukata. Vivyo hivyo kwenye kunoa, hupendelea tupa na jiwe la kunolea kuliko mashine, kwa maana mashine ikienda mbio chuma hupata moto, hugeuka rangi ya buluu, na ugumu wake unakuwa umekwenda.

Kazi ya tatu ni mti wenyewe. Hapa pana subira kuliko kote. Watu wa sehemu nyingi huchagua mpera au mkole, kwa kuwa miti hiyo ni migumu lakini haivunjiki upesi. Nyuzi za mti ziende moja kwa moja kutoka kichwani hadi mkiani, pasiwe na fundo mahali pa kushika. Kisha mti ukaushwe kivulini kwa miezi, kwa sababu jua kali huupasua. Mpini mbichi ni rahisi kuchonga na siku ya kwanza hukaa vizuri sana. Baada ya wiki kadhaa hukauka, hunywea, na chuma kinaanza kucheza.

Lipo na jambo linalofanywa karibu kila nyumba: shoka likilegea, mtu hulitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi mti umevimba na shoka limekaza. Anafurahi. Lakini mti uliovimba ndani ya chuma hauna pa kwenda, hivyo nyuzi zake hubanwa na kupondeka. Ukikauka tena hunywea zaidi ya mwanzo. Kesho kutwa shoka lile ni legevu kuliko lilivyokuwa kabla ya ndoo.

Tunaogopa kwamba ibada zetu nyingi za kuwarudisha watu zimekuwa ndoo ya maji. Jumapili ile machozi yanatoka, kwaya inaimba, watu wanakumbatiana, na kila mmoja anaona kwamba yamekwisha. Hatudharau machozi hayo. Lakini kama hapana mtu aliyepangwa kumtembelea Jumatano, kama hapana mpango wa kulipa kilichochukuliwa, kama hapana mzee wa kanisa wa kumuuliza mwezi wa tatu na wa sita anaendeleaje, basi tumevimbisha mti tu. Mtu yule akilegea tena tutasema, "Tulijua," na atakuwa ameumia zaidi ya mara ya kwanza.

Tuchukue mfano ambao hauko mbali na usharika wowote. Mhazini amechukua sadaka za ujenzi. Amegundulika, amekiri, amelia, anaomba msamaha. Upande mmoja wa kikao wanasema, "Afukuzwe, na asionekane hapa." Upande mwingine wanasema, "Kristo amesamehe, nasi tumsamehe, arudi mezani kwake, la sivyo msamaha wetu ni wa uongo." Pande zote mbili zina Maandiko mkononi. Zinapogombana, mara nyingi hutafutwa njia ya katikati iliyo mbaya kuliko zote: anaachwa akae kimya nyuma ya jiko.

Fundi angeuliza swali jingine: katika mtu huyu chuma ni kipi, na mpini ni upi? Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens walikuwa wakibadilisha mbao za merikebu ya Theseus kila zilipooza, hata wanafalsafa wakabishana kama ni merikebu ile ile au nyingine. Vijijini kwetu hatujawahi kubishana hivyo juu ya shoka. Shoka la babu likitiwa mpini wa kumi bado ni la babu, kwa sababu chuma ndicho kinachobeba jina. Mpini tangu mwanzo ni kitu cha kubadilishwa.

Kwa mtu, chuma ni kile alichopewa na Mungu: sura ya Muumba wake, ubatizo wake, nafasi yake mezani pa Bwana. Hicho hakivunjiki, na aliyetubu tunamrudishia chote bila kupunguza. Mpini ni dhamana, yaani cheo, funguo, sahihi ya benki, kiti cha mbele. Mpini ulivunjika, na hakuna fundi anayegundisha mpini uliovunjika kwa misumari na kamba kisha akampa mtu akapasulie kuni. Kwa hiyo kumwambia mhazini yule, "Wewe ni ndugu yetu kamili, na fedha hutashika tena," siyo unafiki. Ila sentensi hiyo ikiishia hapo bado hatujamaliza, kwa sababu chuma bila mpini hakifanyi kazi yoyote. Lazima tumchongee mpini mwingine. Ana ujuzi wa hesabu, basi awafundishe vijana hesabu. Ana nguvu, basi ashike koleo kwenye ujenzi ule ule alioupunguzia saruji.

Mtu atatuuliza: vipi Petro? Alimkana Bwana mara tatu, naye akakabidhiwa kondoo. Ni kweli, na tunalishukuru jambo hilo. Lakini tusome vizuri Yohana sura ya 21. Petro wa zamani alijitapa kwamba hata wote wakianguka yeye hataanguka. Sasa anaulizwa mara tatu kama anapenda, wala hajilinganishi tena na mtu. Anaambiwa pia kwamba siku zitakuja atakapopelekwa asikotaka. Huo ni mpini mpya hata kama kazi inaonekana ile ile. Wapo ambao Bwana huwarudisha hata kwenye dhamana kubwa. Hatuwezi kuweka sheria ya kuzuia hilo, na hatuwezi pia kulidai kama haki.

Lipo jambo moja zaidi ambalo fundi hawezi kulisahau, nalo ni usalama wa aliyesimama karibu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inamtaja mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata kuni, chuma kikachomoka mpinini kikamwua jirani. Torati inampa mtu huyo mji wa kukimbilia, kwa kuwa hakukusudia. Lakini Kutoka, sura ya 21, inaleta kesi ya pili: ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe, na mwenyewe alionywa asimfunge. Huyo akiua, mwenyewe ana hatia. Tukiziweka kesi hizi mbili pamoja tunajifunza kwamba shoka likichomoka kwa ghafla ni ajali, bali kumkabidhi mtu shoka unalojua limelegea ni dhambi ya aliyekabidhi.

Neno hili linatugusa mahali panapouma. Makanisa, siyo ya nchi moja tu, yamewahi kumchukua mtumishi aliyewadhuru watoto au wanawake, yakamhamishia mahali wasipomjua, na kuita jambo hilo msamaha. Ule ulikuwa ni kupaka rangi mpini uliopasuka. Mtu wa namna hiyo akitubu kweli, mlango wa rehema uko wazi kwake, na mwenye toba ya kweli hatauliza kwa nini haruhusiwi tena kukaa peke yake na watoto. Mambo ambayo sheria ya nchi inataka yafike polisi yafike polisi.

Kuna msemo unaozunguka Afrika kwamba shoka husahau, lakini mti hausahau. Katika ibada zetu macho yote huwa kwa aliyerudi. Aliyekatwa naye yupo, pengine benchi la nne, amejiinamia. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari, na wakati mwingine anaambiwa asimame amkumbatie mtu yule mbele ya watu. Tusimlazimishe. Kabla hatujachonga mpini tumwendee yeye kwanza tumsikilize, na kama hawezi kukaa chumba kimoja na aliyemuumiza, basi aliyemuumiza ndiye asogee.

Mfano wetu una mwisho wake. Shoka halitubu. Halikuchagua kulegea, wala halijui linatengenezwa. Mtu anajua, na anaweza kuukataa mpini anaochongewa kwa kuwa ni mdogo kuliko ule wa kwanza. Hilo likitokea hatuna nguvu ya kumlazimisha, ila tunaweza kuuweka mpini mahali anapouona. Tena sisi tunaotengeneza tu vyuma vile vile. Paulo aliwaonya Wagalatia wajiangalie nafsi zao wanapomrejesha mwenzao. Anayetia mpini leo, kesho atahitaji fundi.

Basi kila usharika ufanye hesabu yake, na uanze na mtu mmoja tu. Baraza la wazee likae, lijiulize ni nani aliyerudishwa kundini miaka hii akaachwa. Wapangwe wawili wa kumtembelea kwa mwaka mzima, siyo kwa wiki mbili. Ipatikane kazi ndogo ya kweli, inayoonekana na inayoweza kukaguliwa. Fundi akishakaza kabari hampi mtoto shoka siku hiyo. Huligeuza likining'inia, hugonga mkia wa mpini ili chuma kipande kikae, kisha hulijaribu yeye mwenyewe kwenye mti laini, watu wakiwa mbali. Likikaa, hupasua gogo gumu kidogo. Kiangazi kikija hulikagua tena, maana mti hunywea wakati wa ukavu, na likihitaji kabari nyingine huiongeza bila kulilaumu shoka.

Mwenye chuma atakuja kukiulizia. Siku hiyo hatatuuliza kama tulikihifadhi nyuma ya jiko, maana alituazima kwa ajili ya kazi.